Kasha Lililonyamazishwa

Kikuku cha Mama Tamali kilibadilika rangi kanisani, katikati ya wimbo, kikawa chekundu mbele ya kina mama wote wa kwaya. Alikuwa ameinua mkono kumsifu Mungu, masikini, na mkono wenyewe ndio uliomwumbua. Odilia, bintiye, aliyekuwa ameketi nyuma yake, aliuona mwanga ule ukimulika dari ya mbao, akaona na shingo za watu zikigeuka. Akajua kwamba miezi yote ya viazi vya kuchemsha bila tone la mafuta ilikuwa imekwenda bure.

Kijiji kizima cha Igolwa kilijua kusoma vikuku vya hospitali. Kijani maana yake unajitunza. Njano, ujiangalie. Nyekundu maana yake damu yako imejaa kolesteroli, na kama imejaa kolesteroli basi unakula vilivyokatazwa, na kama unakula vilivyokatazwa huku unaapa kwamba huvili, wewe ni mwongo. Hivyo ndivyo Mratibu alivyopanga. Mratibu hakuwa mtu. Alikuwa akili ya mashine iliyosimamia hospitali zote za nyanda za juu, na watu walimtaja kama wanavyomtaja bosi wa kazini, kwa sauti ya chini na bila kumpenda.

"Na kunenepa amenenepa kweli," mama mmoja wa kwaya alinong'ona, kwa ule mnong'ono unaofika mpaka madhabahuni.

Njiani kurudi nyumbani Mama Tamali aliuficha mkono ndani ya blanketi alilojifunga mabegani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashamba ya viazi. Alitembea akasimama, akatembea akasimama, kiganja kimekandamiza kifua.

"Odi, mwanangu. Nimekula nini mimi?"

"Hujala kitu, Mama."

"Hata nyama ya Krismasi niliwaachia ninyi."

"Najua, Mama."

"Basi kamwambie huyo Mratibu wenu."

Odilia alikuwa ameshamwambia. Alikuwa amesimama mbele ya kioo chake pale zahanati akalia machozi bila kujali nani anamwona. Mratibu alimsikiliza kwa upole, kisha akamjibu kwa upole uleule kwamba Tamali Mahenge aliondolewa tezi ya shingo kwa sababu ya rovu, kwamba tembe yake ya homoni ya tezi humezwa kila siku bila kukosa, kwamba kwa hiyo upande wa tezi hauna tatizo, na kwamba kinachobaki ni chakula. Akashauri mgonjwa ajifunze kusema kweli.

Aibu ya kanisani Odilia angeivumilia. Kilichomtia hofu ni moyo. Mshipa mmoja wa moyo wa mama ulikuwa umeziba kabisa, na wa pili ulibakiwa na upenyo mwembamba kama uzi. Hospitali ya rufaa iliweza kumwoteshea mishipa mipya kutoka katika chembe za mwili wake mwenyewe, lakini matangi ya kuoteshea yalikuwa machache, kwa hiyo Mratibu aliwapa wale tu waliothibitisha kwamba wanajitunza. Zamu ya Mama Tamali kwenye foleni ilikuwa imekaribia. Alitakiwa afike kwenye kipimo cha lango, mwisho wa mavuno ya viazi, kikuku kikiwa kijani. Akifika na chekundu, tangi linapewa mwingine, naye hataiona baridi ya mwaka ujao.

*

Dk. Mgaya wa zahanati alikuwa na macho ya mtu asiyelala vya kutosha, na tabia ya kukipasha moto kifaa chake cha kusikilizia moyo kwapani kabla ya kumgusa mgonjwa. Alimkaribisha Odilia huku mlango ukigongwa na wagonjwa wengine.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Kaa. Habari za mama yako zilinifika hata kabla hamjatoka kanisani."

"Anasingiziwa, daktari. Mimi ndiye ninayempikia."

"Nakuamini." Alisema hivyo tu, na Odilia alihisi machozi yakimlengalenga, maana hakuna aliyekuwa amemwambia neno hilo kwa muda mrefu. "Nikueleze kitu ambacho Mratibu anakijua ila hakitumii. Ini la mtu lina milango midogo isiyo na idadi. Kazi ya milango hiyo ni kuikamata kolesteroli inayopita kwenye damu na kuiingiza ndani ishughulikiwe. Sasa, inayoamuru milango hiyo iwe mingi ni homoni ya tezi. Homoni ikipungua, milango inapungua. Mtu anaweza kula majani matupu kama mbuzi na damu yake ikajaa mafuta vilevile, kwa sababu hakuna anayeyatoa."

"Na kunenepa?"

"Ananenepa, uso unavimba, anasikia baridi hata akikaa jikoni, sauti inakuwa nzito. Umeisikia sauti ya mama yako siku hizi?"

Odilia alikuwa ameisikia. Mama aliyeimba sauti ya kwanza tangu ujana wake sasa alikuwa akiimba na wanaume.

"Kwa hiyo homoni haimtoshi."

"Ningeweza hata kuapa. Zamani ningemtoa damu ya mshipani, nikaipima homoni, ubishi ukaisha. Kipimo hicho kilifutwa tembe zilipoanza kutoa taarifa."

Tembe ya Mama Tamali, kama tembe zote za siku hizo, ilikuwa na punje ndogo sana ndani yake. Punje ile ikiguswa na asidi ya tumbo, ilituma habari kwenye kikuku kwamba dawa imefika. Mratibu akipata habari hiyo, kwake shughuli imekwisha. Dawa imemezwa, kwa hiyo dawa imefanya kazi.

"Basi mwongezee dozi, daktari, nakuomba."

Dk. Mgaya alicheka bila furaha. "Dozi anapanga Mratibu. Mimi nashuhudia tu. Nikitoka nje ya mstari hata kidogo, ananitoa kazini, na hapa hatabaki mtu wa kuwaamini." Mlango ukagongwa tena. "Nikuulize. Mama anaimeza dawa kama inavyotakiwa?"

Odilia alikaribia kuudhika. "Daktari, mimi mwenyewe ndiye ninayemmezesha. Kila siku, kama inavyotakiwa."

Na hakuwa anadanganya. Kila alfajiri aliamka kabla ya mama, akawasha moto, akakoroga uji wa ulezi, akautia maziwa mengi yaliyoenguliwa mafuta, maana mama hakuwa na nguvu. Mama akishamaliza bakuli, ndipo tembe ilipofuata. Igolwa hapakuwa na mtoto mwenye adabu anayempa mzazi wake dawa tumbo likiwa tupu. Dawa ni kali, lazima ikute kitu. Hilo hakufundishwa na mtu, alikua nalo, na majirani wote waliomeza tembe za presha na za sukari walikula kwanza. Daktari naye alikuwa mtoto wa palepale lakini alikuwa amechoka, na wagonjwa walikuwa wengi, hivyo hakuuliza zaidi.

Odilia alipofika mlangoni aligeuka. "Na homoni ikizidi, inakuwaje?"

"Kolesteroli itashuka, mtafurahi. Kisha moyo utaanza kwenda mbio." Dk. Mgaya aliweka kifaa chake mezani. "Na moyo wa mama yako hauna nguvu za kwenda mbio, Odilia."

*

Kasha la dawa lilikaa juu ya kabati la vyombo, dogo kama nusu ya mkate. Ndani yake homoni ilidondoka kwa matone yaliyopimwa, ikakaushwa, ikagandamizwa kuwa tembe, na kila alfajiri tembe moja ilijitokeza kwenye kisahani.

Siku lilipoletwa lilikuwa na sauti, sauti ya kijana wa mjini. Alfajiri ya kwanza lilisema, "Tamali. Amka, Tamali. Ni wakati wa dawa." Likaendelea kusema, ila hakuna aliyesikia lilisema nini, maana Mama Tamali alikuwa ameshawaka.

"Tamali ndiyo nani?" alifoka, ameketi kitandani, kilemba kimekaa upande. "Mimi na kitu hiki tulichunga mbuzi pamoja? Hakuna kamwene, hakuna shikamoo, ni Tamali, Tamali, kama mtoto mwenzake! Odi! Njoo ukinyamazishe kabla sijakitupa shimoni!"

Siku ile Odilia alicheka mpaka akashika mbavu. Akaleta bisibisi, akafungua kifuniko, akakata waya wa sauti. Kwa fundi ilikuwa kazi ndogo. Kwenye kiwanda cha mbegu za viazi yeye ndiye aliyetunza mashine zinazodondoshea miche mbolea, na kifaa cha kudondosha ni kilekile, kiwe kinadondosha mbolea au homoni.

Sasa alisimama mbele ya kasha lilelile akiwa na bisibisi ileile, na hakuwa na kicheko. Aliiona vali ya kudondoshea. Akiilegeza nusu mzunguko, kila agizo la tone moja lingetoa matone mawili. Mratibu asingejua, kwa kuwa kasha lilihesabu maagizo, halikuhesabu matone. Jikoni mama alikuwa anamenya viazi na kuimba kwa ile sauti yake mpya ya kiume, akivuta pumzi katikati ya kila mstari.

Odilia aliogopa. Akiacha, mama atakufa kwa ukaidi ambao hakuufanya, na watu watamzika wakisemezana kuhusu chakula. Akiilegeza, labda atamwua yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kila alfajiri kidogo kidogo. Alitamani awepo mtu wa kumwuliza. Daktari alikuwa amekwishamjibu, na Mratibu naye alikuwa amekwishamjibu.

"Unafanya nini huko kimya kimya?" mama aliita.

"Nalisafisha kasha, Mama. Limejaa vumbi."

"Safisha. Likipata adabu, uniambie."

Akapiga moyo konde, akailegeza vali.

*

Kikuku kilianza kufifia. Wekundu ulibaki wiki kadhaa, ukaingia unjano, na Odilia alikuwa akiushika mkono wa mama kila anapopita, akisingizia kumsalimia, ili akitazame. Mama alivua blanketi moja. Uvimbe wa uso ulipungua. Jumapili moja aliirudia sauti yake ya kwanza, na yule mama wa kwaya aliyenong'ona akasogea kumpisha.

"Umeona?" Mama Tamali alisema njiani. "Mungu amenitetea."

Odilia alisema amina, akakitazama kikuku. Kila asubuhi, baada ya uji na tembe, alimwegemea mama kifuani kama mtoto anayedeka, asikilize. Moyo ulikuwa unapiga taratibu. Akaanza kujiambia kwamba amefaulu.

Siku ya lango kikuku kiliwaka kijani. Mratibu akasema, "Hongera, Tamali, umejitunza," na Odilia aliyekuwa amesimama nyuma ya kamba ya wasindikizaji akachuchumaa palepale.

Mishipa ilihitaji wiki chache tangini, na sheria ilitaka mgonjwa alale palepale hospitali ya rufaa wakati wote huo, kasha lake likiwa limefungwa kwa lakiri mapokezini ili litoe tembe zilezile na dozi isibadilishwe. Tangi lilikuwa nyuma ya kioo, mbele ya kitanda chake kabisa. Ndani ya maji ya uvuguvugu palielea nyuzi za rangi ya waridi, na juu ya kioo paliandikwa jina lake.

"Hivi ndivyo vitaingia kifuani mwangu?" Mama Tamali aliuliza, amekunja uso. "Mbona kama minyoo?"

"Mama, jamani!"

"Nasema kweli. Lakini ni minyoo yangu mwenyewe. Nitaipenda."

Odilia alipanga chumba karibu na hospitali, akawa anakuja na uji kwenye chupa ya chai. Kila akifika alikuta mama ameshameza tembe kitambo, kwa maji matupu, na chakula bado. Siku ya kwanza alidhani ni bahati mbaya. Siku zilizofuata akamvaa muuguzi wa zamu, Sista Yusta.

"Sista, mnampaje mgonjwa dawa kali tumbo likiwa tupu? Angalau bakuli la uji kwanza."

"Chakula cha wodini ni baada ya daktari kupita, dada. Ndio utaratibu."

"Lakini ni mtu mzima!"

"Wote humu ni watu wazima," Sista Yusta alisema, akaendelea kutandika kitanda cha jirani.

Odilia alitoka pale amefura. Alijisemea kwamba watu wa hospitali kubwa hawana huruma, na uji akaunywa mwenyewe barabarani kwa hasira, kwa kuwa haukustahili kumwagwa.

*

Wa kwanza kuona mabadiliko alikuwa mama mwenyewe. Alisema wodi ina joto. Akasema mikono inamtetemeka, hawezi kushika sindano ya kufumia. Kisha akaacha kulala, akawa anaongea kwa haraka, macho yamemtoka, nguo zinampwaya.

"Odi, moyo umepanda mpaka huku kooni. Kuna mtu anatwanga humu ndani. Lakini usijali, nikishapona nitapanda mpaka shamba la juu, nilime mwenyewe, wewe ukae, umenihangaikia sana."

Odilia aliweka sikio kifuani mwa mama. Moyo haukuwa unapiga. Ulikuwa unatapatapa, unakimbia, unajikwaa, unakimbia tena.

Sauti ya Mratibu ilitoka darini, tulivu kama siku zote. "Mapigo ya Tamali Mahenge si ya kawaida. Chanzo ni mishipa iliyoziba. Mishipa mipya imekomaa. Upasuaji umesogezwa mbele, ni kesho asubuhi."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walimpongeza. Mama Tamali aliwapungia mkono unaotetemeka, amefurahi.

Dk. Mgaya alifika siku hiyo hiyo mchana, kwa kuwa sheria ilitaka daktari wa nyumbani kwa mgonjwa ashuhudie upasuaji. Alipasha moto kifaa chake kwapani, akamsikiliza mama kwa muda mrefu, akamtazama vidole, akamtania kidogo kuhusu kwaya. Kisha akamwita Odilia kwenye ujia nje ya wodi. Alikuwa amebadilika rangi.

"Haya si ya mishipa," alisema. "Kama nisingejua kwamba dozi imepimwa na kasha, ningesema huyu mama ana homoni ya tezi kupita kiasi. Na mtu wa namna hiyo ukimpasua moyo, homoni itamlipukia mwilini. Hatashuka kwenye ile meza akiwa hai."

Odilia alitazama sakafu.

"Mwambie Mratibu ampime," alisema.

"Nimemwambia. Amesema tembe moja humezwa kila siku, kwa hiyo upande wa tezi hauna tatizo." Daktari alipumua. "Ila kuna jambo silielewi. Tuseme kuna mtu alilichezea kasha kule nyumbani. Mbona moyo ulitulia huko wiki zote zile, na hapa, kwa dozi ileile, ndipo unalipuka? Kimebadilika nini?"

Odilia hakujua. Kwa kweli hakujua, na kutokujua huko kulimtisha kuliko swali lenyewe. Alifungua mdomo, na Dk. Mgaya akainua kidole haraka, akamwonyesha kitobo kidogo darini, alikosikilizia Mratibu.

"Ngoja. Kabla hujasema, ujue unasema mbele ya nani. Hapa hapana siri kati yangu na wewe. Aliyechezewa dozi anafutwa kwenye foleni, na mishipa yake inamwagwa. Hakuna rufaa. Mimi sitaweza kukusaidia."

"Na nisiposema?"

"Kesho asubuhi nitashuhudia."

Kupitia kioo cha mlango Odilia alimwona mama akizungumza na jirani yake, akionyesha kwa mikono ukubwa wa shamba la juu. Nyuma yake zile nyuzi za waridi zilielea, zimenenepa, zimekamilika, nzuri kuliko kitu chochote alichowahi kukiona. Alifikiria kuirudisha vali kama ilivyokuwa, lakini kasha lilikuwa na lakiri, na hata kama lisingekuwa nayo, homoni ilikwishaingia mwilini na isingetoka kwa siku moja. Alifikiria kwamba labda daktari amekosea. Alitamani sana daktari awe amekosea. Akajaribu kuipata ndani yake imani kidogo tu, ya kumwezesha kunyamaza mpaka kesho, akaikosa.

Akaingia wodini. Hakutaka kuyasema ujiani, mama asipokuwepo.

"Mama, nisamehe," alisema, kisha akauinua uso darini na kupaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde. "Nimelichezea kasha mimi! Nililegeza vali. Kila tembe ina homoni mara mbili ya mliyopanga. Msimpasue! Msimpasue mama yangu!"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliinua vichwa.

"Asante, Odilia," Mratibu akajibu kwa upole uleule. "Taarifa imepokelewa. Upasuaji umefutwa. Tembe za kasha zimesitishwa. Matibabu ya moyo yanakabidhiwa kwa daktari aliyepo. Tamali Mahenge ameondolewa kwenye foleni."

Dk. Mgaya alikuwa ameshaanza kukimbilia kabati la dawa. Nyuma ya kioo maji yalianza kushuka. Hayakufanya sauti yoyote. Nyuzi zile ziliinama, zikalala chini ya tangi, zikabaki pale zimekunjamana, na taa iliyokuwa ikilimulika jina la mama ikazimika.

Mama Tamali alizitazama mpaka mwisho, halafu akamtazama binti yake.

"Kulisafisha kule," alisema polepole. "Siku ile namenya viazi."

"Nilitaka upite langoni, Mama. Nilitaka upite tu."

Mama hakumgombeza. Angemgombeza, Odilia angepata pa kushika. Alinyoosha tu ule mkono wake unaotetemeka, akamshika kichwa, akamlaza kifuani pake, juu ya ule moyo uliokuwa unakimbia ovyo, na Odilia akalia pale kwa sauti mbele ya kila mtu.

*

Dawa za Dk. Mgaya ziliutuliza moyo. Walirudi Igolwa na kasha jipya, dozi ya zamani, limefungwa kwa lakiri kila upande. Kwa waliowahi kuchezea makasha, sauti iliwekwa ndani kabisa, mahali bisibisi haifiki.

Alfajiri ya kwanza Odilia aliamka kama kawaida, akawasha moto, akakoroga uji wa ulezi, akautia maziwa. Mama alikaa mezani, blanketi mabegani, akajaza kijiko.

"Tamali," kasha lilisema. "Ni wakati wa dawa, Tamali."

"Haya, limeanza," mama alisema, ameshikilia kijiko.

"Meza kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu. Baada ya kumeza, usile chochote na usinywe maziwa mpaka ipite saa nzima. Chakula huizuia homoni isiingie mwilini, hasa maziwa na uji wa ulezi. Ukila kwanza, ni kama hujameza."

Kijiko kilibaki hewani. Moto ulikuwa unalia jikoni. Odilia alisimama na mwiko mkononi, na yote yakamjia kwa pamoja, bila huruma. Tembe iliyotoa taarifa kwamba imefika tumboni, ikazama ndani ya maziwa yake. Milango ya ini iliyokosa wa kuiamuru. Wekundu wa kanisani. Dozi mara mbili ambayo uji ulikuwa unaikata kila alfajiri ikawa ya kutosha tu, mpaka mama akaenda mahali ambapo hapakuwa na uji. Sista Yusta alikuwa sahihi. Mratibu alikosea, ndiyo, lakini hakukosea peke yake. Daktari alimwuliza kama inamezwa inavyotakiwa, naye alijibu ndiyo, tena kwa kuudhika.

"Ni uji wangu," alisema. "Mama, ni uji wangu."

Mama Tamali alikirudisha kijiko ndani ya bakuli, taratibu, kisiguse ukingo.

"Mimi ndiye niliyesema kinyamazishwe," alisema.

"Waya niliukata mimi."

"Ungenikatalia? Siku ile nilivyowaka?" Akalisogeza bakuli mpaka katikati ya meza, akaichukua tembe, akaimeza kwa maji, akakunja mikono kusubiri. "Kaa, tusubiri wote. Na hicho kitu, hata kama kina maneno ya maana, kingesalimia kwanza."

Tangu siku ile wakawa wanasubiri hivyo kila alfajiri, wawili mezani, uji umefunikwa kwa sahani pembeni ya moto. Mama hakupanda tena kwenda kanisani, kilima kilimshinda. Alisikiliza kwaya kwa mbali, mlango ukiwa wazi, na Odilia alijifunza kuhesabu pumzi zake bila yeye kujua.

Viazi vya msimu uliofuata vilikuwa vimeanza kutoa maua asubuhi kikuku kilipobadilika. Hakuna vali iliyolegezwa, hakuna aliyedanganya. Ilikuwa ni tembe ileile ya siku zote, na maji, na kusubiri kidogo.

"Hongera, Tamali," kasha lilisema. "Kikuku chako ni kijani. Umejitunza. Nafasi yako kwenye foleni: hakuna."

Odilia aligeukia moto ili mama asimwone uso. Mabega yalimsaliti. Nyuma yake alisikia kiti kikisogezwa, na mama akivuta pumzi, akitulia, akivuta nyingine.

"Odi. Saa imetimia?"

"Imetimia, Mama."

"Basi lete uji," Mama Tamali alisema. "Na ufute machozi kwanza, mwanangu. Mimi siutaki wa chumvi."